Seneta wa shule na kifungu cha miaka mitano

Katika Kiswahili chetu neno "mchango" limebeba mizigo miwili. Kuna mchango wa mfukoni, wa harusi au wa msiba, ambao jina lako huandikwa katika daftari na mbele yake kiasi ulichotoa. Na kuna mchango wa bungeni, ambapo mheshimiwa husimama, husema, huketi, na makarani huandika aliyoyasema. Mwananchi akisikia redioni kwamba seneta fulani amechangia mjadala wa elimu na hali ya jamii, ana haki ya kuuliza kama anavyouliza mwenye daftari la harusi: ametoa kiasi gani?

Leo tunamzungumzia seneta mmoja wa mbali ambaye daftari lake linasomeka. Ni Cristovam Buarque wa Brazili. Jambo alilolipigania kwa miaka mingi, yaani kuilipa familia maskini ili mtoto wake abaki darasani, limekwisha kufika mlangoni kwetu. Majirani zetu Watanzania walilijaribu mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kisha likaenea nchini kwao kupitia TASAF, na kila mwenye ndugu Kigoma amesikia habari za kunusuru kaya maskini. Hapa Burundi tumeona mpango wa Merankabandi ukiwapa akina mama fedha mkononi. Tukubali basi kwamba mjadala huu ni wetu pia. Tena ndani ya mpango wa kwanza wa Bwana Buarque kulikuwa na kifungu kimoja ambacho, kikinakiliwa hapa bila kufikiriwa, kitawafungia mlango wengi wa wasomaji wetu waliorejea nchini.

Kwanza tumjue mwenyewe. Alizaliwa Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwaka 1944. Alisomea uhandisi, kisha uchumi, akapata udaktari wake Paris, na kuanzia 1985 hadi 1989 alikuwa rekta wa Chuo Kikuu cha Brasília. Mwaka 1995 akawa gavana wa eneo la mji mkuu, Brasília na vitongoji vyake. Aliingia Seneti mwaka 2003 na kukaa humo hadi 2019, vipindi viwili vya miaka minane minane. Mwaka wa kwanza wa ubunge wake aliutumia akiwa waziri wa elimu wa Rais Lula, hadi Januari 2004 alipofukuzwa kazi kwa simu akiwa safarini Ureno. Namna hiyo ya kumwaga mtu nayo ni somo, lakini si la leo.

Wazo lake ni jepesi, na mchuuzi wa mpakani atalielewa haraka kuliko profesa. Serikali ikisema shule ni bure, mzazi maskini bado analipa. Analipa kwa mikono ya mtoto. Yule mtoto wa miaka kumi anayelinda banda mama akivuka, anayebeba kidumu cha mafuta ya mawese, anayebaki na kichanga nyumbani, ana thamani yake kwa siku, ingawa hakuna anayeiandika. Akienda darasani, thamani hiyo inapotea mezani jioni hiyohiyo. Faida ya shule itakuja baada ya miaka kumi, kama itakuja. Mama anayenunua bidhaa kwa mkopo wa asubuhi na kurejesha jioni hawezi kusubiri miaka kumi. Kumwambia kwamba elimu ni ufunguo wa maisha ni kumwambia anachokijua. Anachokosa ni cha kuweka sufuriani leo.

Basi mwaka 1995, katika mji maskini wa Paranoá karibu na Brasília, gavana huyo alianzisha Bolsa Escola, yaani ruzuku ya shule. Kila familia maskini yenye watoto wa miaka 7 hadi 14 ilipewa kila mwezi kiasi sawa na kima cha chini cha mshahara wa nchi, kwa sharti kwamba watoto wote wa umri huo waende shule na wasikose zaidi ya siku mbili kwa mwezi bila sababu. Mpokeaji alikuwa mama. Tena kulikuwa na akiba: kwa kila mwaka ambao mtoto alifaulu, fedha ziliwekwa benki kwa jina lake, azichukue kwa awamu akimaliza ngazi fulani za masomo. Kufikia 1998 mpango huo ulikuwa na karibu familia 25,000. Tusimpe sifa zote peke yake, maana mji wa Campinas ulianza mpango unaofanana na huo mwaka huohuo wa 1995 chini ya meya wa chama kingine, na wachumi wa Brazili walikuwa wamekwisha kuandika juu ya kuunganisha fedha na shule. Mwaka 2001 serikali ya Rais Cardoso iliupeleka nchi nzima, kwa kiasi kidogo mno: reali 15 kwa mtoto, na watoto watatu tu kwa kila familia. Oktoba 2003 ukaunganishwa na misaada mingine, ukaitwa Bolsa Família.

Hapo ndipo seneta alipoanza ugomvi ambao hakuuacha. Alidai kwamba neno "shule" lilipoondolewa katika jina, na mpango ukahamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda wizara ya misaada ya jamii, fikra ya mama nayo ilibadilika. Zamani alijua analipwa kwa sababu mwanawe anasoma. Sasa ataona analipwa kwa sababu ni maskini, na atakuwa na sababu ya kuogopa kuacha umaskini. Walikuwepo waliomwona mtu mwenye wivu wa mtoto wake kupewa jina jipya, na pengine wivu ulikuwepo. Lakini hoja yake si ya kupuuza. Waliowahi kupokea mgao kambini wanajua tofauti kati ya kulipwa na kugawiwa, na wanajua jinsi mtu anavyozoea foleni.

Sasa tukitazame kifungu chenyewe. Ili familia iingie katika Bolsa Escola ya Brasília ilipaswa kuthibitisha kwamba imeishi katika eneo hilo kwa miaka isiyopungua mitano. Sababu yake inaeleweka. Brasília imezungukwa na majimbo maskini, na gavana aliogopa kwamba habari za fedha zikienea, watu watamiminika na mfuko utapasuka. Ni hofu ya kila mwenye bajeti. Lakini hebu tufanye hesabu ya kawaida, kama inavyofanywa sokoni. Familia imewasili na mtoto wa miaka kumi. Inasubiri miaka mitano. Mtoto ana miaka kumi na mitano, na mpango unaishia miaka kumi na minne. Mtoto huyo hatapata senti moja maisha yake yote, ingawa hakuna mahali popote katika sheria palipoandikwa kwamba anakataliwa. Ni mdogo wake pengine atakayepata, kama bado hajazoea kubeba mizigo.

Nani katika nchi yetu hana miaka mitano mahali pamoja? Ni wale waliorudi kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli tangu zoezi la kurejea kwa hiari lilipoanza Septemba 2017. Kabla yao ni wale waliotoka Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, na makumi ya maelfu waliorudi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu baada ya kuishi huko tangu 1972, wengine wakiwa na watoto waliosoma kwa Kiswahili katika shule za Tanzania na kukutana na Kirundi cha darasani na Kifaransa kwa mara ya kwanza wakiwa na ndevu. Kila aliyerudi anajua kwamba miaka ya mwanzo ndiyo migumu kuliko yote. Shamba lina mtu mwingine, au kesi yake haijaisha. Nyumba ni ya turubai au ya kupanga. Wengi huishia barabarani kuelekea mpaka kwa sababu biashara ndogo haiulizi hati ya shamba. Kwa maneno mengine, miaka mitano ambayo kifungu kama hicho kingewatenga ni ileile ambayo mtoto wao yuko karibu zaidi na kuacha shule.

Hatusemi kwamba sheria yoyote ya hapa ina kifungu hicho leo. Tunasema kwamba vifungu vya namna hii husafiri pamoja na mipango inayonakiliwa, na huingia kimyakimya, mara nyingi bila hata kutaja miaka. Inatosha kuandika kwamba mnufaika atatambuliwa na wakazi wa kilima chake katika mkutano. Mkutano wa kilima utamtambua nani? Yule aliyekuwepo. Aliyewasili mwaka jana na lafudhi ya Kigoma atakaa nyuma, na mama anayelala Uvira siku tatu kwa juma kwa ajili ya biashara hatakuwepo kabisa siku majina yanaposomwa. Hapana haja ya mtu mbaya yeyote ili jambo hilo litokee.

Brazili yenyewe iliona tatizo. Mpango wa taifa haukuendelea na miaka mitano ya Brasília, na mwaka 2001 lilianzishwa daftari moja la nchi nzima la kaya maskini. Familia ikihama, huenda kubadili anwani katika mji mpya na kuendelea kupokea, haianzi upya. Daftari hilo lina kasoro zake, limewahi kubeba wasiostahili na kuwaacha wanaostahili. Hata hivyo msingi wake ni kwamba haki inafuatana na mtu. Kwa nchi ambayo watu wake wamehama na kurudi na kuhama tena kwa nusu karne, sioni kwa nini tuanze na ule wa 1995 wakati wenyewe waliuacha.

Turudi kwa seneta na daftari lake. Alijulikana kwa kusema jambo moja. Alipogombea urais mwaka 2006, kampeni nzima ilikuwa elimu, akaitwa mgombea wa noti moja, akapata kura zisizofika asilimia 3. Lakini mtu wa noti moja akiwa seneta ana faida yake, maana halegei. Mwaka 2004 alipeleka muswada wa kuweka kima cha chini cha mshahara wa walimu wa shule za umma kwa nchi nzima. Ulichukua miaka minne. Uliunganishwa na muswada wa serikali, ukapita kamati baada ya kamati, na Julai 2008 ukawa sheria: reali 950 kwa mwezi kwa mwalimu wa saa 40 kwa juma, kiasi kipandishwe kila Januari, na theluthi moja ya saa zake iwe ya kuandaa masomo na kusahihisha, si ya kusimama ubaoni. Magavana wa majimbo matano walikimbilia Mahakama Kuu ya Shirikisho kuipinga. Aprili 2011 mahakama iliwakatalia. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa kimepita reali 4,800. Zipo halmashauri ambazo bado hukwepa kulipa, lakini mwalimu wa huko ana namba ya sheria ya kwenda nayo mahakamani. Huo ndio mchango ambao daftari lake lina kiasi.

Uko mwingine uliokufa, na tunakiri kwamba ndio tunaoupenda zaidi. Mwaka 2007 alipeleka muswada wa kuwalazimisha wote waliochaguliwa na wananchi, kuanzia diwani hadi rais, kuwasomesha watoto wao katika shule za umma, na utekelezaji uwe umekamilika ifikapo 2014. Haukupita, wala hakuna aliyeshangaa. Waliosema kwamba unaingilia uhuru wa mzazi walikuwa na hoja ya kisheria. Lakini kwa nini wananchi wengi waliushangilia? Kwa sababu kila nchi, pamoja na hizi zetu za Maziwa Makuu, ina wakubwa wanaojadili madawati ya shule ambayo watoto wao hawatayakalia kamwe, wakati watoto wenyewe wako Kampala, Nairobi au Ubelgiji. Hilo si kosa la jinai. Ni kwamba tu linapunguza haraka ya kupitisha muswada.

Na kuna ukurasa ambao hauwapendezi waliompenda. Mwaka 2016 Seneti ya Brazili ilipitisha marekebisho ya katiba yaliyoweka kikomo kwa matumizi ya serikali kuu kwa miaka ishirini, na seneta wa elimu akayapigia kura ya ndiyo. Alieleza kwamba nchi inayotumia kuliko inavyopata huwalipisha maskini kwa mfumuko wa bei, na kwamba kikomo kitawalazimisha wanasiasa kuchagua shule badala ya anasa. Inawezekana kuwa hesabu hiyo ilikuwa ya uaminifu. Walimu wengi hawakuiona hivyo. Walichoona ni kwamba aliyewadai fedha za elimu kwa miaka kumi na tatu ndani ya ukumbi ule amesaidia kufunga sanduku. Mwaka 2018 aliomba kura tena na akashindwa. Kikomo hicho chenyewe kiliondolewa mwaka 2023 na kuwekwa utaratibu mwingine wa bajeti. Hotuba zake zipo zote katika kumbukumbu za Seneti, na kura ile ipo katika kumbukumbu zilezile.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu maseneta wetu wana nafasi ambayo wabunge wa chini hawana. Kila mkoa hutoa wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja, pamoja na Batwa watatu, na kazi yao wenyewe husema ni kutazama taifa kwa ujumla wake kuliko kutazama jimbo. Aliyerejea hana jimbo. Kura yake bado haijakomaa mahali popote, mchuuzi anayelala pande mbili za mpaka hana mtu wa kumwita diwani wake, na watoto wao hawapigi kura kabisa. Kama si Seneti, ni nani atakayewasemea siku sheria au mkataba wa mpango wa misaada utakapowekwa mezani?

Mwaka 2005 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na tunaikumbuka furaha ya Septemba ile: madarasa yalijaa hadi milangoni na watoto walisoma kwa zamu. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini karo ilikuwa nusu tu ya bei, na ile nusu nyingine, mikono ya mtoto, haijawahi kufutwa na tangazo lolote. Ukipita Kobero au Gatumba siku ya shule utaona inavyolipwa, na kila afisa wa forodha anaweza kukuhesabia kwa vidole watoto waliopita mbele yake kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa hiyo tunawaomba waheshimiwa, wakati wowote mpango wa fedha kwa kaya maskini utakapojadiliwa au kuongezwa muda, waache kwa dakika kumi hotuba juu ya umuhimu wa elimu, waulize mambo yanayoshikika. Anayerudi na karatasi yake ya kurejea kwa hiari, je, karatasi hiyo inatosha kumwandikisha katika orodha, au lazima asubiri kitambulisho ambacho nacho kinahitaji ukazi? Orodha hufunguliwa kila baada ya miaka mingapi? Mama akihama kutoka Makamba kwenda Rumonge, jina lake linahama naye? Cheti cha darasa la tano cha shule ya Tanzania kinamweka mtoto darasa gani, na ni nani mwenye kalamu ya kuamua, mkurugenzi wa shule au ofisi ya mkoa? Na mtoto anayekosa siku nne kwa mwezi kwa sababu mama amezuiliwa upande wa pili mpaka ulipofungwa ghafla, je, familia inakatwa fedha mwezi huo?

Swali hili la mwisho si dogo kwa watu wa mpakani. Sharti la mahudhurio ndilo moyo wa wazo la Buarque, nasi tunaliunga mkono: fedha bila shule zingekuwa mgao tu. Lakini Brasília mwalimu aliandika kukosekana kwa mtoto, na familia ikapewa nafasi ya kueleza sababu kabla ya kukatwa. Hapa sababu ya mtoto wa mchuuzi kukosa shule mara nyingi hutoka katika tangazo lililosomwa jana usiku, la kufunga kizuizi au la kubadili saa za kuvuka. Kama sharti litawekwa, na iandikwe humohumo kwamba siku ambazo mpaka umefungwa kwa amri hazihesabiwi, na kwamba mkuu wa shule ndiye atakayetia saini, bila mzazi kutumwa kutafuta mhuri wa tarafani.

Ni sentensi moja katika sheria. Seneta yeyote anaweza kuipendekeza katika kikao kijacho, na karani ataiandika mbele ya jina lake.